SHAHADA NA BEI YAKE

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yatangazwapo, nyumba nyingi za wafanyakazi na wakulima huingia katika hesabu ngumu. Baba huwaza kuuza ng'ombe, mama hutazama akiba yake ya kikundi, na kijana mwenyewe hujaza fomu za kuomba mkopo. Na siku hizi yamezuka maneno, vijiweni na hata maofisini, kwamba hesabu yote hiyo ni bure. Kwamba shahada hailipi tena, na afadhali kijana akajifunze ufundi. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Yafaa tuyapime.

Makerere, iliyowasomesha wengi wa viongozi wetu wa kwanza, ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi. Wanafunzi wake 14 wa mwanzo walifundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilifunguliwa Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba. Wanafunzi wake, wote wa sheria, hawakuzidi 14. Nchi ilikuwa na kiu kubwa ya wasomi, na aliyetoka na shahada alikikuta kiti chake serikalini kikimngoja. Hapo ndipo ilipozaliwa imani kwamba shahada na kazi ni kitu kimoja. Imani hiyo ilikuwa kweli kwa wakati wake. Leo vyuo vikuu vimeenea mikoani, wahitimu ni maelfu kwa maelfu, na viti havingoji mtu.

Sasa tuhesabu gharama. Shahada nyingi huchukua miaka 3, uhandisi miaka 4, na udaktari miaka 5, kisha mwaka mmoja wa mazoezi kazini. Tangu miaka ya 1990 mwananchi amerudishiwa sehemu ya mzigo huo, na tangu 2005 Bodi ya Mikopo imekuwa ikiwakopesha wanafunzi. Mdaiwa aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Mwenye mshahara wa shilingi 800,000 huacha shilingi 120,000 kila mwezi kabla hajanunua hata kibaba cha unga. Tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikilinenepesha deni mwaka hata mwaka ilifutwa mwaka 2021, na hiyo ilikuwa nafuu ya kweli. Lakini deni lenyewe lipo palepale. Tena katika miaka hiyo ya masomo, mwenzake aliyejifunza uchomeleaji au umeme huenda amekwisha kupata wateja wake na vyombo vyake vya kazi.

Je, basi tuwaambie vijana waache? Hapana. Hakuna njia ya mkato ya kuwa daktari, mhandisi au wakili. Anayetaka kazi hizo, naye ana uwezo wa kichwa na bidii, asiogope deni. Wa kuonywa ni yule achukuaye somo lolote lililobaki, asilolijua wala kulipenda, ili mradi tu aitwe msomi. Huyo ananunua joho kwa bei ya shamba.

Tena tuwatazame vizuri wanaohubiri kwamba shahada haina maana. Wengi wao wanazo, na watoto wao wamo vyuoni. Ushauri huo ukifuatwa na maskini peke yao, vyuo vikuu vitabaki mali ya wenye nacho, na mtoto wa kuli wa bandarini atabaki kuli. Hilo hatuwezi kulikubali. Kama ufundi ni mwema, na ni mwema kweli, basi uheshimiwe na wote, na ulipwe ujira wa haki. Vyuo vya VETA visiwe jalala la walioshindwa mitihani. Na waajiri wanaodai shahada kwa kazi iwezayo kufanywa na mwenye stashahada wajue kwamba wanawatoza wazazi kodi isiyo na sheria.

Liko jambo moja zaidi. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewapa asilimia 40 tu ya mshahara kwa miezi 18. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Watu hubishana hata leo kama adhabu ile haikuzidi. Lakini swali lililokuwamo halijafa: nani hasa amemlipia msomi? Mchukuzi na mkulima, ambao hawakuliona darasa la chuo, wamo katika kila shilingi ya mkopo ule.

Kwa hiyo, ndugu wazazi, kabla hamjauza ng'ombe, mwulizeni kijana maswali matatu. Kazi unayoitaka, yahitaji shahada kweli? Somo hili unalipenda kiasi cha kulihangaikia miaka yote hiyo? Na ukiisha kuhitimu, utamfaa nani? Akijibu sawasawa, uzeni ng'ombe kwa moyo mweupe. Akibabaika, mpeni muda wa kufikiri, ng'ombe hatakimbia.