Utendaji wa Kikazio na Kituliza Mtikisiko cha Cheni ya Taimingi: Mfano wa Injini ya Toyota 1NZ-FE

Puge ipo katika barabara inayounganisha Nzega na Tabora, mji ambao katika karne ya 19 ulikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Leo abiria wa njia kama hizo husafiri pia kwa magari madogo, yakiwamo Toyota Probox, ambayo baadhi yake hutumia injini ya 1NZ-FE. Kamshafti mbili za injini hiyo huendeshwa na cheni moja. Sehemu hii inafafanua vifaa viwili vinavyoidhibiti cheni hiyo.

Krenkishafti huzunguka mara mbili kila kamshafti inapozunguka mara moja. Inapoivuta cheni, upande mmoja hukazika na wa pili hulegea. Upande uliokazika hupita kwenye kituliza mtikisiko, yaani reli isiyosogea inayoizuia cheni isichezecheze. Upande uliolegea hubanwa na mkono unaosukumwa na kikazio.

Ndani ya kikazio mna pistoni ndogo, springi, valvu ya njia moja na meno ya kuzuia. Springi huisukuma pistoni hata injini ikiwa imezimwa. Injini inapowaka, oili kutoka kwenye pampu huongeza msukumo huo. Valvu huizuia oili isirudi ilikotoka, hivyo mapigo ya cheni hufyonzwa oili inapopenya polepole katika mwanya mwembamba. Meno nayo huizuia pistoni isirudi nyuma wakati shinikizo la oili halijapanda.

Cheni hurefuka kwa sababu pini na bushi zake hulika, wala si kwa sababu chuma chake hunyumbuka. Kikazio hufidia urefu huo mpaka pistoni ifike mwisho wa mwendo wake. Oili chafu au pungufu huharakisha ulikaji na huweza kuziba tundu la kikazio.

Kwa hiyo, mlio unaosikika kwa sekunde chache baada ya kuwasha injini iliyopoa, kisha ukakoma, huelekeza uchunguzi kwanza kwenye kikazio na shinikizo la oili. Mlio usiokoma hudai kukaguliwa pia kwa cheni na reli. Kubadili cheni pekee huku kikazio dhaifu kikiachwa hakuondoi chanzo cha tatizo. Cheni ikiruka meno, mpangilio wa valvu huvurugika. Pistoni za injini zikigonga valvu, gari halitafika Tabora, na gharama ya matengenezo huzidi kwa mbali bei ya kikazio.