Katuni Zetu (4): Mchoraji Tunamjua, Mtunzi Je?

Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, imepita na hotuba zake. Mimi zilinikuta saluni ya kunyolea hapa Muhima, Kigali, kwenye mteremko wa kwenda Nyabugogo, redio ikiwa juu ya kabati. Wakubwa walikuwa wanalalamika kwamba vijana hawasomi. Vijana watatu waliokuwa wakisubiri zamu hawakuwasikia, kwa sababu walikuwa wanasoma katuni za Kijapani, tena kwa ugomvi. Mmoja alimtetea Eiichiro Oda: hadithi aliyoianza 1997 haijamchosha hadi leo. Wa pili akasema Oda anavuta mambo tu, bora Kishimoto, ambaye Naruto aliimaliza 2014 akapumzika. Wa tatu akawadharau wote. Yeye ni mtu wa Fujimoto na Chainsaw Man. Simu yenye kioo kilichopasuka ikapita mkono kwa mkono mpaka kwa kinyozi, naye akakiacha kichwa changu nusu ili atoe hukumu.

Nilifurahi, sifichi. Kisha nikawauliza kama wanamjua Rupert Bazambanza. Wakatazamana.

“Muzehe, huyo anachezea timu gani?”

Bazambanza ni Mnyarwanda, amenusurika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994. Akiwa Montréal, Kanada, alitoa mwaka 2004 albamu iitwayo Sourire malgré tout, kuhusu familia ya Rwanga, jirani zake. Aliitunga mwenyewe, akaichora mwenyewe. Shikeni hilo la kutunga, ndilo lililonifanya nishike kalamu leo.

Wale Wajapani wa saluni nao hutunga na kuchora, kwa hiyo kijana akitaja jina moja ametaja kazi zote mbili. Kwetu sivyo. Tulipozungumzia jarida la Sani na mhusika Chakubanga katika sehemu zilizopita mliona jinsi mhusika anavyolimeza jina la aliyemuumba. Na kazi inapogawanywa, mchoraji hukumbukwa kidogo, mtunzi ndiyo kabisa. Hapa Kigali filamu za agasobanuye, zinazosimuliwa kwa Kinyarwanda, zimetuzoesha vibaya zaidi: marehemu Yanga, msimuliaji, alijulikana kila mtaa, mwenye filamu hakuulizwa. Lakini mtunzi wa katuni ndiye anayeigawa hadithi katika kurasa na visanduku. Ndiye anayeamua msomaji ajue nini kabla hajafunua ukurasa, nani aseme, na wapi wote wanyamaze mchoro useme.

Sasa hesabuni. Albamu ya Rwanda 1994, iliyoanza kutoka 2005, imechorwa na Mkongo, Pat Masioni. Watunzi wake ni Cécile Grenier na Ralph. Masioni huyo huyo alipochora matoleo mawili ya Unknown Soldier, hadithi ya vita vya Waacholi kaskazini mwa Uganda, mtunzi alikuwa Mmarekani, Joshua Dysart. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, ambaye kwangu hana mpinzani kwa kuchora magari na ndege, alifanya Eva K. na Mandrill pamoja na Mfaransa Frank Giroud. Mkono wetu, ulimi wa mwenzetu.

Kinachoniuma zaidi ni Madame Livingstone, kazi ya Baruti ya 2014. Rubani Mbelgiji anafika Ziwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kuitafuta meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Mniwie radhi, meli hii naipenda. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa makashani, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakiukimbia mji waliizamisha wenyewe, ila mafundi walitangulia kuipaka mitambo grisi nene. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Na jina la kwanza? Ni la Götzen, yule Mjerumani aliyeingia Rwanda 1894 akapokewa na mwami Kigeli Rwabugiri. Yaani ndani ya chombo kimoja mna Kigoma, mna Kongo, mna ikulu ya Rwanda, na bibi zetu wa pande zote za ziwa walikuwa na ya kusema juu ya vita hivyo. Aliyeitunga hadithi hiyo ni Christophe Cassiau-Haurie, Mfaransa. Simlaumu, kazi ameifanya vizuri. Walaumiwe waliokuwa na hadithi nyumbani wakaikalia kama kuku aliyekalia mawe.

Na isisemwe kwamba haiwezekani. Marguerite Abouet wa Kodivaa hakuchora hata kisanduku kimoja cha Aya. Alitunga, Mfaransa Clément Oubrerie akachora, na tamasha la katuni la Angoulême likawapa tuzo ya albamu ya kwanza 2006. Msomaji wa Aya anasikia Abidjan inavyoongea, kwa sababu aliyeandika aliisikia utotoni.

Nimebakiwa na nafasi ndogo ya Kiswahili chenyewe. Ni lugha rasmi hapa tangu 2017, na wanafunzi wanakutana nacho kwenye sarufi kabla hawajacheka nacho. Walimu, wapeni watoto visanduku sita vitupu na wawili wanaogombania kiti ndani ya basi la Nyabugogo, waandike maneno. Anayejua kuchora achore, asiyejua atunge, na majina yote mawili yaandikwe juu, kwa herufi za ukubwa mmoja.

Albamu yangu ya Bazambanza, ya Kifaransa, nimeiacha saluni. Yule wa Fujimoto ndiye aliyeichukua kwanza, na ameahidi kuirudisha bila alama ya mafuta ya nywele.

Sehemu ijayo ni Edward Gitau na katuni yake Juha Kalulu. Mwenye Taifa Leo za zamani, hata zilizofungiwa sukari, asizitupe, aniletee.