Umeokota shaba ya kale Tarbaj? Andika kwanza ulipoiokota

Ukitoka mji wa Wajir kuelekea Kotulo na El Wak, Tarbaj iko njiani, na magari mengi husimama hapo abiria wanywe chai. Mwaka jana nilisimama hapo katika safari zangu. Mzee mmoja, adeer kama wanavyowaita wazee huko, aliposikia kwamba mimi ni mtu wa pwani aliniuliza kama kwetu kuna wanunuzi wa shaba ya zamani. Nikamwuliza, ya zamani vipi? Akasema kijana wake alikuwa akichunga ngamia baada ya mvua, akaona kitu kikichomoza kwenye ukingo wa korongo lililokatwa na maji. Zilikuwa bangili tatu nzito zilizoshikana kwa kutu ya kijani, na kando yake vipande viwili vya chuma asivyovijua ni vya nini. Mnunuzi wa vyuma kuukuu akapita na mizani yake, akapima vyote pamoja, akatoa pesa ya sukari na majani ya chai, akaenda zake.

"Mwanangu, nimeibiwa?" akaniuliza.

Sikuwa na jibu. Bangili zenyewe sikuziona. Huenda zilikuwa za bibi wa juzi tu, huenda zilikuwa za miaka mia sita. Kilichoniuma ni kwamba sasa hakuna njia ya kujua, kwa sababu zimeshayeyushwa na hakuna aliyeandika hata mstari mmoja.

Sisi wa pwani twapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine, maana sehemu ya historia yetu imesomwa kwa sarafu. Chukua Mtambwe Mkuu, kule Pemba. Mwaka 1984 wachimbuzi wakiongozwa na Mark Horton walifukua dafina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, vijisarafu vidogo vyenye majina ya watawala wa Kiislamu wa pwani hii hii. Ndani ya dafina hiyo mlikuwa pia na sarafu chache za dhahabu za Makhalifa wa Fatimiya. Zile za fedha hazikuandikwa mwaka. Za dhahabu ziliandikwa, na ya mwisho kati yake ni ya mwaka 1066. Kwa kuwa zilikaa pamoja, dhahabu ikaitolea ushahidi fedha: tukajua kwamba karne ya 11 wenyeji walikuwa na watawala wao waliopiga sarafu kwa majina yao.

Sasa fikiria dafina ile ingeokotwa na mtu mwenye haraka. Dhahabu angempelekea sonara, siku hiyo hiyo ikawa mkufu. Fedha ingebaki kwenye kopo, wajukuu waichezee. Sarafu zenyewe zingekuwepo, lakini zingekuwa bubu.

Mfano wa kinyume uko Australia. Mwaka 1944 askari mmoja, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa mchangani katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa nchi hiyo. Akazitia kwenye kopo. Ilipofika 1979 akazipeleka kwa wataalamu, na ikabainika kwamba tano kati yake ni sarafu za shaba za Kilwa! Nne zilikuwa za Kiholanzi. Shaba ya Kilwa imefikaje huko? Alichokuwa nacho Isenberg ni alama ya X kwenye ramani. Watu wamekwenda kutafuta tena na bado wanabishana, wengine wakisema mabaharia wa Kiafrika na Kiarabu, wengine Wareno, wengine Waholanzi. Angalau yeye alikuwa na hiyo X. Kijana wa Tarbaj hana hata hiyo.

Msomaji ataniuliza, Tarbaj mna nini cha kale? Mna mengi kuliko tunavyodhani, ila utafiti uliofanyika huko ni mdogo sana ukilinganisha na Lamu au Gede. Wazee wa Wajir husimulia habari za watu wa kale waitwao Madanle, kwamba hao ndio waliochimba visima vilivyotobolewa kwenye mwamba. Kuna marundo ya mawe, taalo kwa Kisomali, ambayo mengi yake ni makaburi. Na nchi ile haikuwa kisiwa: misafara ya pembe za ndovu na mifugo ilipita Luuq na Bardera kushuka bandari za Barawa, Marka na Mogadishu, na Mogadishu ilipiga sarafu zake yenyewe tangu karne ya 14. Sarafu moja ya Mogadishu ikiokotwa Tarbaj, na mahali pake pakajulikana, itatwambia jambo ambalo hakuna kitabu kinachotwambia.

Kitu cha fedha ambacho mchungaji wa huko huenda akakikuta kwa urahisi zaidi ni riale ya Maria Theresa, ile yenye sura ya mama mnene wa Kizungu, iliyozunguka Uhabeshi, bara la Somalia na pwani yetu yote. Hapa pana mtego. Riale hizo zote zimeandikwa 1780, hata zilizopigwa miaka mia moja na zaidi baadaye. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa usikudanganye, si kwa kuuza wala kwa kununua.

Sheria yasemaje? Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu chochote cha kuhamishika, kisichokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Mwenye kugundua kitu cha aina hiyo anatakiwa ndani ya siku saba awaarifu Makumbusho ya Taifa, aeleze mahali hasa na jinsi alivyokipata, na akikabidhi. Vya kale vilivyo ardhini ni mali ya serikali, kuchimba kuvitafuta kunahitaji leseni, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Siku saba kwa mtu aliye na ngamia mbali na barabara si nyingi, lakini siku hizi simu imefika hadi kisimani. Asiyejua pa kuanzia aende kwa chifu, na aombe ripoti yake iandikwe.

Kuna na upande wa dini, kwani wenzetu wa Tarbaj ni Shafii kama sisi. Fiqhi imelijua jambo hili zamani. Rikazi, yaani mali iliyozikwa na watu wa kabla ya Uislamu, ina hukumu yake na humo hutolewa khumusi. Lakini kikiwa na alama za Kiislamu, kama sarafu yenye jina la sultani Mwislamu, wanavyuoni wa madhehebu yetu hukihesabu kuwa luqata, kitu kilichopotea kwa mwenyewe, ambacho mwenye kuokota hukitangaza mwaka mzima. Fatwa nawaachia masheikh. Mimi nauliza tu: utajuaje ni cha zama gani, utoe khumusi au utangaze, ikiwa kimeshaingia kwenye mizani ya vyuma kuukuu?

Basi ukiokota, fanya hivi. Kwanza hakikisha si bomu. Silisemi hili kwa mzaha. Nchi ile ilipiganiwa na Waitaliano na Waingereza, El Wak ilivamiwa Desemba 1940, na miaka hii yetu mabomu ya kutegwa barabarani yameua watu wengi Wajir na Mandera. Chuma cha mviringo chenye mapezi, mkebe wenye nyaya, kitu kizito kilichofungwa kama chupa: usikiguse, rudi kwa nyayo zako, mwite polisi.

Ikiwa ni bangili, sarafu, ncha ya mkuki au mkufu, kipige picha kikiwa palepale kabla hujakiinua, kalamu ya biki ukiilaza kando yake ili ukubwa uonekane. Kisha rudi nyuma hatua ishirini, upige nyingine inayoonyesha kilima, mti au kisima. Fungua ramani ya simu, bonyeza kidole mahali uliposimama mpaka alama itokee, uhifadhi zile namba. Kama simu imezima, andika kwa maneno: umbali gani kutoka kisima gani, upande wa jua gani, kina cha shibri ngapi, udongo mwekundu au mweupe. Andika tarehe na jina lako. Tazama pia kilichokuwa jirani: kigae, ushanga, majivu. Ukiona mifupa au mawe yaliyopangwa, acha hapo hapo, umesimama juu ya kaburi la mtu.

Na usikisafishe. Sisi pwani tuna ugonjwa wa kusugua shaba kwa ndimu na majivu mpaka ing'ae. Ile kutu ya kijani ndiyo ngozi ya kitu, maandishi mara nyingi yamo ndani yake, na ukiikwangua umeyafuta. Kifunge kwenye karatasi kavu au kitambaa, si mfuko wa plastiki unaotoa jasho. Picha ya kitu waweza kuwaonyesha watu, lakini zile namba za mahali usizitie Facebook, la sivyo kesho utakuta mashimo.

Uingereza na Wales wana utaratibu tangu 1997 wa kumfanya muokotaji awe rafiki. Anakuja na kitu chake, afisa anakipima, anakipiga picha, anaandika mahali, na vitu vingi anarudishiwa mwenyewe. Kikiwa ni dafina ya kisheria, jumba la makumbusho likikitaka hukilipia, na aghalabu malipo hugawanywa kati ya muokotaji na mwenye shamba. Mwaka 2009 huko Staffordshire iliokotwa dafina ya dhahabu iliyolipiwa zaidi ya pauni milioni tatu. Mpaka sasa wameandika zaidi ya vitu milioni moja na nusu. Sisemi tuige kila kitu, hatuna pesa hizo. Lakini ukimwambia mchungaji "lete" bila kumwambia atapata nini, na mnunuzi wa vyuma amesimama mbele yake na noti mkononi, unajua nani atashinda. Mimi ningeanza na risiti yenye muhuri, nauli ya kwenda na kurudi, na jina la muokotaji kuandikwa kwenye kabati la kioo, la baba yake na babu yake pia. Kwa watu wanaohesabu nasaba mpaka babu wa ishirini, hilo si dogo.

Yule adeer nilimwuliza kama kijana wake anaikumbuka sehemu ile. Akanyoosha bakora upande wa mashariki, akasema anaikumbuka, kwani ngamia jike mmoja alizalia hapo. Nikamwandikia namba yangu kwenye karatasi ya pakiti ya majani ya chai. Kijana alinipigia mwezi uliopita: korongo limejaa maji, tungoje likauke.