Baraza Lenye Sanamu Zinazojibizana

Upande wa kusini wa uwanja wa Piazza della Signoria, mjini Firenze, Italia, kuna jengo lisilo na ukuta wa mbele: matao matatu mapana ya duara, na chini yake sanamu za marumaru na shaba. Jina lake ni Loggia dei Lanzi. Kwetu lingeitwa baraza, nasi tusingekosea. Lilijengwa kati ya 1376 na 1382 ili viongozi wa Jamhuri ya Firenze waapishwe pale hadharani, kila raia akishuhudia.

Jamhuri ilipokufa, kazi ya baraza nayo ikabadilika. Mtawala mpya, Cosimo wa Kwanza wa ukoo wa Medici, aliweka karibu na baraza hilo askari wa kukodiwa kutoka Ujerumani, wapiganaji wa mikuki walioitwa lanzi. Jina lao ndilo lililobaki. Palipokuwa pa kuapia, sanamu zikashika zamu ya kusema.

Mazungumzo yao yalikuwa yameanza zamani. Mwaka 1494 raia waliwafukuza Medici, na mwaka uliofuata wakaichukua kutoka katika jumba la ukoo huo sanamu ya Judith, kazi ya Donatello, wakaisimamisha mbele ya ikulu iliyo kwenye uwanja huohuo. Judith ni yule mjane wa Kiyahudi aliyemkata kichwa jemadari Holofernes. Fumbo halikuhitaji mfasiri: dhalimu naye ana shingo. Baadaye sanamu hiyo ilihamishiwa barazani.

Medici waliporudi, Cosimo alimwagiza Benvenuto Cellini amtengenezee Perseus, shujaa wa Kigiriki. Sanamu hiyo ilizinduliwa mwaka 1554. Safari hii mwanamume ndiye ameshika upanga, na kichwa kinachoning'inia ni cha mwanamke, Medusa. Wengi wa wanahistoria wa sanaa huisoma kama jibu la mtawala.

Kuimimina Perseus kwa shaba nusura kushindikane. Cellini mwenyewe alisimulia kwamba akiwa na homa, madini yalianza kuganda tanuruni, naye akatupia humo sahani zake za bati zipatazo 200. Hila hiyo ina mantiki: bati likizidi ndani ya shaba, mchanganyiko huyeyuka kwa joto dogo zaidi na kutiririka vizuri katika kalibu.

Karibu mwaka 1583 Judith aliondolewa mahali pake, pakawekwa kazi ya Giambologna: mwanamume anamnyanyua mwanamke anayejinasua, mzee amejikunyata chini yao. Miili mitatu, jiwe moja la marumaru, kimo cha zaidi ya mita 4. Imejipinda kama mzabibu kwenye mti, haina uso wala kisogo, lazima uizunguke. Jina lake, linalowataja wanawake wa Sabini, lilipatikana baada ya kazi kwisha. Hapa ujumbe ulikuwa ustadi wenyewe.

Kuingia barazani ni bure. Anayetaka kulisoma vizuri asianze na sanamu moja moja. Aangalie kwanza nani amewekwa mbele ya nani. Judith halisi sasa amehifadhiwa ndani ya ikulu, lakini nakala yake imerudi mlangoni. Perseus yuko hatua chache tu kutoka hapo. Wote wawili bado wameshika panga zao.