Nyumba ya Bondeni na Zawadi Inayoingia Humo

Watu wetu wa Ifakara wana jambo moja linalonishinda. Mtu anachoma tofali zake mwenyewe, anapandisha ukuta kidogo kidogo kila baada ya mavuno, anaezeka bati, halafu akifika kwenye kupamba, akili yake inadandia treni ya TAZARA na kushukia Dar es Salaam. Huko anaagiza karatasi ya plastiki ya kubandika ukutani yenye picha ya milima ya theluji, zulia la manyoya marefu na sofa jeupe la velveti. Ukimwuliza kwa nini, atakujibu kwamba vya kupendezesha nyumba viko mjini. Huku bondeni kuna mchele na mbu tu.

Basi tuanze na hivyo hivyo, mchele na mbu. Nyumba ya Mang'ula, Mlimba au Malinyi inapendeza pale mwenye kuipamba anapokumbuka yuko wapi: kwenye tambarare iliyo kati ya Udzungwa na milima ya Mahenge, inayopokea maji ya pande zote mbili, ambako masika hewa inashika unyevu mpaka chumvi jikoni inalowa. Nimekusudia kuanza na kuta, nishuke sakafuni, nipite kwenye samani, nimalizie na zawadi za sherehe.

Tofali la kuchoma hunyonya maji ya ardhini ikiwa fundi hakutandika nailoni juu ya msingi, na nyumba nyingi za zamani hazina nailoni hiyo. Maji yanapanda na chumvi zake, yanatokeza kwenye lipu kama unga mweupe. Ukuta wa namna hiyo sharti uachiwe nafasi ya kukauka. Ukiubandika plastiki, unyevu unabaki nyuma, ukungu unaota, gundi inaachia, na masika ya pili theluji yako inaning'inia kwa kona moja. Hapo ndipo utasikia nyumba imechezewa, kwa kuwa ukungu umechora kitu kama uso wa mtu. Hakuna aliyeichezea. Ng'oa plastiki, kwangua, subiri kiangazi, piga chokaa au rangi ya maji.

Dari za jipsamu zilizoshushwa ili zipate ngazi za taa nazo zinatuongezea joto bure. Dari ikae juu, matundu ya hewa yabaki, na kila tundu lizibwe kwa wavu wa mbu.

Halafu kuna maelekezo yanayozunguka kwenye simu: kioo kisitazame kitanda, mmea fulani ukae kona ya kusini-mashariki ili fedha iingie. Wachina wana taratibu zao za kale za kupanga makazi, nazo zilizaliwa kaskazini mwa ikweta, ambako jua la mchana hukaa upande wa kusini karibu mwaka mzima. Ifakara iko nyuzi 8 kusini mwa ikweta, na kwa sehemu kubwa ya mwaka jua letu la mchana liko kaskazini. Anayenakili kona bila kutazama jua linapopita anapanga nyumba ya mtu mwingine. Kona ninayoijali mimi ni ya magharibi: jua la saa kumi likiingia dirishani humo, sofa linapauka na mgeni anahamia barazani. Fedha sijaiona ikiingia kwa dirisha lolote.

Sakafuni kuna kosa jingine. Nimeambiwa mara nyingi kwamba mkeka ni kitu cha msibani. Msibani hunywewa chai pia, na hakuna aliyeacha chai nyumbani kwa sababu hiyo. Watu hukalia mikeka kwenye matanga kwa kuwa wako wengi na viti havitoshi.

Ukindu huota kwenye majimaji, na bonde letu halikosi majimaji. Majani machanga hukatwa, huanikwa, huchanwa kuwa chane. Nyingine huchovywa rangi. Chane husukwa ukili mrefu, kisha ukili hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka mkeka utimie. Ukitaka kujua kama umepata mkeka wa kweli, ugeuze na kuutazama kwenye mwanga: ukili mwembamba una kazi kubwa kuliko mpana, na mshono usionyeshe matundu. Jamvi la milala ni jambo jingine, hilo ni la kazi nzito na uani. Mkeka wa ukindu unafagiliwa, unapanguswa kwa kitambaa chenye maji, unaanikwa na kukauka siku hiyo hiyo. Zulia la manyoya likilowa mwezi wa Aprili, halikauki mpaka Juni, na harufu yake unaijua.

Sasa samani, na msomaji anivumilie, maana mbao ndiyo kazi yangu.

Sifa inayonichosha kuliko zote ni kwamba mtiki wa Kilombero hauguswi na mchwa. Mtiki ni mti wa India, Myanmar na nchi za jirani zake, na huku ulikuja ukapendwa. Kampuni ya Kilombero Valley Teak ilianzishwa mwaka 1992, ikapanda maelfu ya hekta katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na tangu hapo jina la bonde letu limeshikana na mbao hiyo. Lakini kinachokataa mchwa ni moyo wa mti, ile sehemu ya kahawia yenye mafuta. Weupe wa pembeni, chini ya gamba, hauna kinga hiyo, na mti uliovunwa mchanga una weupe mwingi. Sasa fundi anachukua ubao wenye nusu weupe, anaupaka rangi ya kahawia yote sawa, anakuuzia kitanda cha mtiki. Mchwa hasomi rangi. Kabla ya kulipa, inama utazame chini ya chaga na nyuma ya kabati, mahali ambapo fundi hakujisumbua kupaka.

La pili ni ukavu. Mti unapoangushwa una maji mengi ndani yake, na mbao ikikauka inasinyaa: kwa urefu karibu hapana, kwa upana ndiyo. Hilo peke yake linaeleza meza zote zilizopasuka mnazonionyesha. Mbao hupangwa kivulini, juu ya magogo, na kati ya ubao na ubao huwekwa vijiti vyenye unene mmoja ili upepo upite. Miisho hupakwa rangi isipasuke. Kanuni ya zamani ya mafundi ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Asiyetaka kukisia achukue ubao mmoja wa rundo na kuupima kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, mbao imemaliza. Tangu daraja la Magufuli lifunguliwe mwaka 2018, mzigo wa Ulanga unavuka mto Kilombero bila kusubiri kivuko, nami nashukuru, lakini mwendo huo umewaambukiza mafundi: mti unaanguka leo, wiki ijayo ni kabati.

Hata mbao iliyokauka haitulii kabisa. Masika inavuta unyevu na kupanuka, kiangazi inasinyaa tena. Uso wa meza wenye upana wa sentimita 90 unaweza kucheza milimita kadhaa kati ya misimu miwili. Fundi akiupigilia misumari na gundi pande zote, meza haina pa kwenda, itapasuka. Fundi anayejua hutoboa matundu marefu kidogo kwenye fremu, hupitisha skrubu humo, na uso wa meza unasogea bila mtu kuona. Mwulize fundi wako uso wa meza umefungwaje. Akicheka, nenda kwa mwingine. Mninga ndio unaocheza kidogo kuliko mbao karibu zote tulizonazo, ndiyo maana wazee waliuchagulia milango. Mtiki unafuata kwa karibu, ila mafuta yake yanakataa gundi: sehemu ya kuunga ipanguswe kwa kiyeyusho na kuungwa hapo hapo, kabla mafuta hayajarudi juu.

Na mvule? Watu wanakataa kitanda cha mvule kwa sababu mti huo una pepo. Mvule kweli hutengeneza mawe ndani yake, vipande vigumu vyeupe vya jamii ya chokaa, na msumeno ukikutana navyo unatoa cheche na kupoteza meno. Naelewa mpasuaji wa zamani, peke yake msituni, alivyoshtuka. Vumbi lake pia huwasha ngozi na kubana kifua, kwa hiyo afungaye pua ni fundi, na hirizi hapo haina kazi.

Zawadi basi. Kicheni pati, sendofu, harusi, kipaimara, arobaini ya mtoto: kila sherehe ina foleni ya watu wanaocheza na maboksi kichwani. Fungua maboksi kesho yake. Seti za glasi, hotipoti, na saa za ukutani, zote zimesimama saa nne na dakika kumi. Sina ugomvi na saa. Lakini siku moja nilipowaambia wanakamati kwamba zawadi kubwa kuliko zote kwa maharusi wa bonde hili ni chandarua kizuri, mama mmoja aliguna: "Jamani, mwalimu, chandarua si kitu cha kliniki?"

Hapa mpango wangu unaharibika, na uharibike. Chandarua kilikuwa bidhaa ya dukani hapa kwetu kabla hakijawa kitu cha kliniki. Mwaka 1996 ulianza mradi wa KINET katika wilaya za Kilombero na Ulanga, ukiendeshwa na watafiti wa kituo cha Ifakara, ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Vyandarua na dawa yake viliuzwa kwa jina la Zuia Mbu, madukani na kwa mawakala wa vijijini, vikitangazwa kama inavyotangazwa sabuni. Wachanga wanaolala ndani ya chandarua chenye dawa walikuwa chini ya asilimia 10. Miaka mitatu baadaye walipita asilimia 50. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne waliotumia vyandarua hivyo walikuwa na nafasi ya kuishi iliyo bora kwa asilimia 27. Mwaka 2004 ikaja Hati Punguzo ya nchi nzima kwa wajawazito, na baadaye ugawaji wa bure. Ndipo tukakizoea, na kilichozoeleka kikaonekana hakifai kufungwa ribboni.

Kifunge. Nunua cha pembe nne, kikubwa kuliko kitanda, maana cha duara kinachoning'inia kwa kamba moja humgusa mlalaji, na mbu huuma kupitia matundu. Mpe fundi achonge fremu nyembamba ya mninga ya kukibeba juu. Ukingo wa chini ushonewe pindo la kitenge au kanga, upana wa kiganja: linapendeza, linaongeza uzito, na linachomekwa vizuri chini ya godoro. Usikate wavu wenyewe. Kianikwe kivulini siku nzima kabla ya kutumika, kifuliwe kwa sabuni ya kawaida bila jiki, kisianikwe juani, kwa kuwa jua linaua dawa. Kwa matunzo hayo kitakaa miaka mitatu hivi. Wale wanaonong'ona kwamba dawa ya chandarua inapunguza nguvu za kiume waje wahesabu watoto wa mtaani kwangu.

Na maharusi wakiwa wakulima, toa viwili. Msimu wa mpunga familia zinahamia mashambani, zinalala kwenye dungu kwa miezi, na chandarua cha nyumbani kinabaki kimetundikwa juu ya kitanda kisicho na mtu.

Watafiti hao hao wa Ifakara wameligeuza pambo lenyewe kuwa kinga. Mwaka 2017 walichapisha majaribio ya mapambo ya mkonge na ya nguo ya gunia yaliyolowekwa dawa iitwayo transfluthrini, yakatundikwa kwenye baa za wazi, mahali ambapo chandarua hakifiki. Dawa hiyo huruka yenyewe hewani bila moto wala umeme, na mbu wanapotea njia. Baadaye wakaja na tepe za gunia za kufunga kwenye mwanya wa paa, na viti vilivyowekewa kitambaa hicho kwa chini. Kikapu cha mkonge ukutani, kinachofukuza mbu! Ningekuwa na binti wa kuoza, ningetaka hicho kabla ya sofa la velveti.

Mengine nayasema kwa haraka. Visu: kuna kamati zinavifuta kwenye orodha kwa sababu kisu hukata ndoa. Ndoa nilizoziona zikikatika zilikatwa na pombe na simu. Bibi harusi apewe kisu kizuri chenye mpini uliofungwa kwa ripiti, na ubao wa kukatia. Kanga: soma maandishi kabla ya kununua, maana doti ya mafumbo ikimfikia wifi, shughuli inageuka. Kwa ndugu wa Dar es Salaam, mchele wa Kilombero wa mavuno mapya hauna mpinzani, na anayepeleka boksi la chokoleti badala yake simwelewi.

Mkeka ukiupeleka mbali, uviringishe, upande wenye rangi ukiwa ndani. Ukiukunja kama shuka, chane zinavunjika kwenye mkunjo. Ufunge kwa gunia, nailoni itaupa ukungu njiani, na mwambie kondakta usilaliwe na magunia ya mpunga.