Majibu Huria kama Data ya Elimu na Utafiti: Mazingatio kutoka Ukanda wa Mkonge wa Korogwe

Swali huria ni lile ambalo mtafitiwa hulijibu kwa maneno yake mwenyewe, bila kuchagua miongoni mwa majibu aliyoandaliwa. Katika tasnifu nyingi, maswali ya aina hii huwekwa mwishoni mwa hojaji baada ya maswali funge kuisha. Majibu yake hujitokeza katika sura ya nne yakiwa nukuu mbili tatu zinazothibitisha kile ambacho majedwali yamekwisha kusema. Matumizi hayo ni finyu. Jibu huria huwa na thamani kubwa pale linapoeleza jambo ambalo mtafiti hakulitarajia, na thamani hiyo hupotea iwapo anayelisoma haijui lugha na mazingira ya aliyelitoa.

Mkumbara ni mfano mzuri wa kulitazama suala hili. Eneo hili lipo wilayani Korogwe, katika tambarare iliyo chini ya milima ya Usambara, kwenye barabara itokayo Mombo kuelekea Mkomazi na Same. Korogwe ni wilaya ya mkonge. Mashamba yake yalivuta vibarua, maarufu kwa jina la manamba, kutoka mikoa ya mbali kama Kigoma na Ruvuma, na vizazi vyao vimeishi pamoja na Wasambaa, Wazigua na Wapare. Kiswahili cha ukanda huo kimebeba msamiati wa kazi hiyo. Tuseme mwanafunzi ameulizwa kwa nini mzazi wake hakuhudhuria kikao cha shule, naye akaandika: "Baba yupo korona." Msimbaji aliyeketi Dar es Salaam, hasa baada ya mwaka 2020, anaweza kuliweka jibu hilo katika kundi la maradhi. Kwa mtoto wa mashamba ya mkonge, korona ni mtambo wa kuchakata majani ya mkonge ili kupata singa, na jibu lake linahusu zamu ya kazi. Kosa hilo halionekani katika jedwali. Kompyuta itahesabu "ugonjwa" na hakuna atakayeshtuka.

Kwa sababu hiyo, tafsiri ya mapema ni hatari. Baadhi ya watafiti huyatafsiri majibu yote kwa Kiingereza kabla ya kuyasimba, kwa kuwa programu wanayoitumia au msimamizi wao anahitaji hivyo. Ni vyema majibu yasimbwe katika lugha yaliyoandikiwa, na tafsiri ifuate baadaye kwa nukuu zitakazotumika tu. Neno la Kisambaa au Kizigua lililochomekwa katika sentensi ya Kiswahili nalo liachwe lilivyo hadi mwenyeji aulizwe maana yake.

Tatizo la pili ni gumu zaidi, maana linahusu majibu yanayoonekana kueleweka kabisa. Anayeuliza shuleni au kijijini juu ya utoro hatakawia kukutana na jibu kwamba wazazi hawana mwamko wa elimu. Kauli hiyo imezoeleka katika hotuba na taarifa za maofisa, walimu huirudia, na hatimaye mzazi mwenyewe hujieleza kwayo. Mtafiti akiihesabu tu atahitimisha kuwa mwamko ndio chanzo kikuu, ilhali alichokipima ni kuenea kwa kauli. Ndivyo ilivyo kwa "hali ngumu" na "maisha magumu". Majibu ya namna hii hayafai kutupwa, bali yanahitaji swali la pili: mara ya mwisho mtoto alipokosa shule, siku hiyo ilikuwaje? Hapo ndipo hutajwa mto uliojaa, sare iliyochanika, mdogo aliyebaki bila mlezi, au siku ya malipo.

Namna mtafiti anavyoingia kijijini nayo ina sehemu yake. Mwenye barua ya utambulisho kutoka ofisi ya mkuu wa wilaya, akisindikizwa na mtendaji wa kijiji, hupokewa kama mgeni wa serikali. Majibu kama "tunashukuru, mambo ni mazuri" ni adabu kwa mgeni, na mara nyingine ni tahadhari. Inafaa taarifa ya utafiti ieleze nani alikuwepo wakati swali likijibiwa, jambo ambalo sura za mbinu za utafiti hulipita kimyakimya. Isitoshe, katika shule ndogo, nukuu iliyoandikwa "mwalimu wa kike wa hisabati" ni sawa na kumtaja mtu kwa jina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeongeza uzito wa wajibu huu, ingawa adabu ya utafiti iliudai tangu zamani.

Baada ya kuelewa ndipo kuhesabu kufuate. Makundi yajengwe kutokana na sehemu ya majibu yenyewe, yaandikiwe maelezo na mifano, kisha watu wawili wayasimbe majibu yaleyale bila kuoneana. Kulingana kwao hakutoshi kuripotiwa kwa asilimia pekee. Iwapo kuna makundi mawili na kila msimbaji ameyagawa majibu 100 nusu kwa nusu, bahati peke yake ingewafanya walingane katika majibu 50 hivi. Wakilingana katika 80, kipimo cha kapa alichokipendekeza Jacob Cohen mwaka 1960 hutoa 0.60: yaani 30 zilizozidi bahati, zikigawanywa kwa 50 zilizowezekana. Lakini hata kapa kubwa haina kinga dhidi ya korona iliyogeuzwa ugonjwa, endapo wasimbaji wote wawili ni wageni.

Katika elimu, hazina kubwa ya majibu huria nchini Tanzania ni karatasi za mitihani. Baraza la Mitihani la Tanzania huchapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila swali, zikiwa na vielelezo vya majibu mazuri na dhaifu katika mwandiko wa watahiniwa wenyewe. Kazi hiyo ni ya manufaa na haitumiki inavyostahili. Hata hivyo, mara nyingi jibu dhaifu huelezwa kuwa limetokana na ukosefu wa maarifa au udhaifu wa lugha, na uchambuzi huishia hapo. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, iliripotiwa kuwa baadhi ya watahiniwa walijaza matusi, michoro na mashairi ya bongofleva. Umma ulicheka na kulaani. Wachache waliuliza kijana anayeandika shairi zima kwa Kiswahili katika karatasi ya Kiingereza anaeleza nini kuhusu lugha ya kufundishia.

Kwa upande mwingine, swali la kuchagua huficha hata hayo. Lenye machaguo matano humpa anayebahatisha nafasi moja kati ya tano, na halimwonyeshi mwalimu mahali mwanafunzi alipopotea. Kwa miaka kadhaa sehemu ya utungaji katika mtihani wa Kiswahili wa darasa la saba ilimtaka mtahiniwa apange sentensi alizopewa. Hakuandika hata moja ya kwake.

Karatasi za mtihani wa taifa hazirudi shuleni. Zinazobaki mikononi mwa mwalimu ni za majaribio ya darasani na za muhula. Mwalimu mwenye karatasi 60 za swali moja anaweza, kabla ya kuweka alama, kuzigawa mezani kwa aina ya kosa: walionakili swali, walioanza vizuri wakakwama, walioeleza sahihi kwa maneno ya nyumbani. Fungu la mwisho hustahili kusomwa mara mbili, kwani kwa kawaida ndilo hupewa sifuri.