Mwangwi na Mionzi: Uvumbuzi Uliotoka Vitani Ukaingia Wodini

Mama mjamzito aendapo kupimwa kwa ultrasaundi, hupakwa jeli tumboni, kisha mtaalamu hupitisha kifaa juu ya ngozi huku akitazama kioo. Wengi huuliza: "Je, mionzi hii haitamdhuru mwanangu?" Jibu ni kwamba kipimo hicho hakitumii mionzi kabisa, hutumia sauti.

Sikio la binadamu husikia mitetemo isiyozidi 20,000 kwa sekunde. Kifaa hicho hutoa mitetemo milioni kadhaa. Sauti yake husafiri mwilini kwa mwendo wa takriban mita 1,540 kwa sekunde, na kila ikutanapo na tishu ya aina nyingine, sehemu yake hurudi kama mwangwi. Mashine hupima muda wa kurudi, ikachora picha. Jeli huondoa hewa, kwani hewa ingeirudisha sauti karibu yote kabla haijaingia mwilini.

Chanzo chake ni ugunduzi wa mwaka 1880, ndugu Pierre na Jacques Curie wa Ufaransa walipoona kuwa fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Paul Langevin alitumia elimu hiyo kusaka nyambizi. Baadaye viwanda vikaitumia kutafuta nyufa ndani ya chuma. Mwaka 1955 Dkt. Ian Donald wa Glasgow, Uskoti, alipeleka kiwandani vivimbe vilivyotolewa kwa wagonjwa ili vipimwe kwa mashine ya nyufa. Yeye, Dkt. John MacVicar na mhandisi Tom Brown walichapisha matokeo ya kazi yao mwaka 1958. Mmoja wa wagonjwa wao alidhaniwa ana saratani ya tumbo isiyopasulika. Mwangwi ulionesha uvimbe wa maji wa ovari. Ukatolewa, naye akapona.

Magnetroni nayo ilipitia njia kama hiyo. Mwaka 1940 John Randall na Harry Boot, katika Chuo Kikuu cha Birmingham, walitengeneza magnetroni yenye kutoa mawimbi ya maikrowevu kwa nguvu kubwa, ikatumika katika rada. Mwaka 1945 Percy Spencer wa Marekani aliomba hataza ya kupikia chakula kwa mawimbi hayo, akapewa mwaka 1950. Mwaka 1953, katika Hospitali ya Hammersmith jijini London, mgonjwa wa saratani alitibiwa kwa linaki iliyoendeshwa na magnetroni. Ndani ya linaki, mawimbi husukuma elektroni hadi karibu na mwendo wa mwanga. Zigongapo bamba la metali nzito, hutoa eksirei kali zinazoelekezwa kwenye uvimbe.

Mashine za jinsi hiyo zinatumika leo katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Hapa ndipo penye mionzi kweli, na mgonjwa astahili maelezo ya wazi, kwa sababu anayekatiza matibabu kwa hofu huupa ugonjwa nafasi ya kurudi. Umeme wa linaki ukizimwa, mionzi hukoma papo hapo. Aliyetibiwa kwa mionzi ya nje haondoki nayo mwilini. Anaweza kumpakata mtoto wake siku iyo hiyo.

Hataza ni mapatano: mvumbuzi hulindwa kwa kawaida miaka 20 tangu alipoomba, naye hueleza hadharani jinsi uvumbuzi wake unavyofanya kazi. Hataza za enzi hizo zimekwisha muda, na maarifa yake ni mali ya wote. Lakini sehemu na programu nyingi mpya zingali zinalindwa. Kwa hiyo hospitali inunuapo mashine, iulize mapema: nani ataruhusiwa kuitengeneza ikiharibika, na vipuri vitatoka wapi? Mashine iliyofunikwa kitambaa pembeni haimsaidii mgonjwa aliyesafiri siku nzima kuifuata.